Kamera za ulinzi nyumbani: nichukue za waya na DVR au hizi za wifi?

mkazi_madale:
Wakuu habari za jioni. Nina nyumba Madale hapa Dar, kiwanja cha kawaida tu, ukuta wa tofali pande tatu, upande wa nyuma bado mabati. Wanaoishi pale ni mke wangu, watoto watatu, mama yangu mzazi na dada wa kazi, mimi niko Geita kikazi, narudi kwa shifti kwaiyo muda mwingi sipo. Juzi kati mtu kaingia usiku kwa upande wa mabati kang'oa pampu ya maji kasepa nayo, mbwa alibweka sana tu, ndani wakajua anabwekea paka. Sasa mama hapati usingizi ndo nimeamua niweke kamera.

Nimeita mafundi wawili kila mmoja na lake. Wa kwanza anataka kamera nne za waya na DVR (kile kiboksi kinachorekodi kamera zote), diski ya tera moja, apitishe waya darini. Wa pili anasema hayo mambo ya zamani, ninunue zile za wifi zinazozunguka, kila moja na memori kadi yake, naangalia kwenye simu basi. Afu binamu yangu anasema chukua za sola zenye laini ya simu usihangaike na umeme. Umeme wetu unakatika kama mnavyojua, intaneti ni ruta ya laini ya 4G, na bando watoto wanalimaliza kwa katuni. Nyumba ishapigwa jipsamu na rangi kwaiyo kutoboatoboa kunaniuma roho. Na je ndani niweke? Maana kuna kaka yangu ananisisitizia niweke sebuleni nimuone dada anavyokaa na mtoto mdogo. Bajeti isizidi milioni moja na nusu, ikishuka nitashukuru zaidi.

Kibuyu:
Pole mkuu. Jenga ukuta huo wa nyuma kwanza, kamera itakuonyesha tu pampu ya pili inavyoondoka, na safari hii utaiona ikiwa HD.

mkazi_madale:
Hahaha tofali zipo mkuu, zinapandishwa mwezi ujao. Nataka vyote viwili.

fundi_kebo:
Mkuu mi ndo kazi yangu hii, ngoja nikuandikie kwa urefu maana naona mafundi wote wawili wamekuuzia vifaa, hakuna aliyekuuliza unataka kuona nini.

Kwanza za waya na za wifi. Ambacho wateja wengi hawajui ni kwamba DVR hairekodi kwa intaneti. Bando likiisha, ruta ikizimwa, yenyewe inaendelea kurekodi kwenye diski, intaneti ni ya wewe kule Geita kuangalia basi. Kamera ya wifi nayo inarekodi kwenye kadi bila bando ni kweli, ila hiyo kadi iko wapi? Iko ndani ya kamera, nje, ukutani. Mwizi akiing'oa kaondoka na ushahidi wake. DVR unaificha chumbani kwenye kabati lenye hewa au juu ya shelfu kule stoo, sio pale sebuleni pembeni ya tivii kama watu wengi wanavyoweka, mwizi akiingia anabeba tivii na DVR pamoja. Na wifi yenyewe kwenye nyumba ya tofali, ruta iko sebuleni, kamera iko nyuma ya jiko, kuta tatu katikati, utakuwa unaona picha inaganda kila ukifungua. Kwa nyumba yako uliyojenga mwenyewe na hutahama mi nasema waya bila kufikiria mara mbili.

Sasa hapa ndo penye utamu. Karibu kila nyumba ninayoenda kurekebisha kazi ya mtu mwingine nakuta kamera nne ziko kwenye kona nne za paa, juu kabisa, zote lenzi ya 2.8mm, ile inayoona eneo pana. Kwenye simu inapendeza, unaona uwanja wote. Siku mwizi akiingia unaona kofia inatembea. Tumia hesabu hii: kumtambua mtu usiyemjua, yaani picha ya kupeleka polisi, viwango vya hii kazi vinataka pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) 250 kwa kila mita ya upana wa pale aliposimama. Kumtambua mtu unayemjua tayari zinatosha 125, kujua tu kwamba kuna mtu zinatosha 25. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana, gawa kwa 250 unapata eneo la mita saba na nusu hivi. Lenzi ya 2.8mm inaona upana huo mtu akiwa mita tatu hivi kutoka kwenye kamera. Mita tatu tu! Akizidi hapo unaona mtu, huoni nani. Ya 4mm inakupeleka mita nne na kitu, ya 6mm karibu mita nane, lakini inaona eneo jembamba.

Kwaiyo kwako, kamera moja ifanye kazi ya sura tu. Geti dogo, kila anayeingia kihalali anapita pale, hiyo weka chini kidogo, mita mbili na nusu kutoka ardhini inatosha, lenzi ya 4 au 6 kutegemea umbali, iangalie uso sio utosi. Ya pili iangalie geti kubwa na pa kupaki gari. Ya tatu na ya nne ziende nyuma, moja ifuate ule ukuta wa mabati kwa urefu wake wote, nyingine iangalie mlango wa jikoni na pampu, kwa sababu mwizi wa kwako anajua kupita nyuma na atarudia palepale. Mbele ya nyumba, kwenye baraza, watu wanapenda kuweka kamera ili wageni wazione. Sikatai, ila kwa bajeti yako mi ningeiacha.

Kingine nyuma chukua zile zinazoona rangi usiku zenye taa nyeupe, Hikvision wanaziita ColorVu, Dahua wanazo zao pia. Infraredi, ile taa isiyoonekana kwa macho, inakupa picha ya kijivu, shati jekundu na la bluu yote yanafanana. Na ile taa yenyewe inamfanya mtu asite.

mpangaji_sinza:
Fundi umesema vizuri ila usiziponde sana za wifi, sio kila mtu ana nyumba yake. Mi nimepanga, mwenye nyumba hataki hata msumari, nina mbili, Tapo na EZVIZ, moja mlangoni moja dirishani inaangalia koridoo, nikihama nabeba. Nilichojifunza ni kadi tu, usiweke kadi ya kawaida ya simu maana kamera inaandika juu yake usiku na mchana na inakufa kimyakimya, unakuja kugundua siku unayotaka ushahidi. Kuna kadi za kazi hiyo wameandika kabisa endurance, bei imesogea kidogo lakini inalipa. GB 128 kwangu inanipa karibu siku sita ikiwa inarekodi muda wote afu inajifuta ya zamani.

fundi_kebo:
Kwa mpangaji nakubali asilimia zote. Ila mwenye uzi kajenga.

mzee_wa_yuniti:
Naona mnaongea kamera hamuongelei umeme na mtoa mada kasema unakatika. Hesabu yangu ni hii. Kamera nne tuseme wati 5 kila moja usiku zikiwa zimewasha taa, hiyo 20. DVR na diski yake wati 15 hivi, ruta wati 8 mpaka 10. Jumla 45. Ukizidisha masaa 24 unapata yuniti moja na kidogo kwa siku, kwa mwezi 32. Kama mita yako iko kwenye ile tarifu ya chini ya yuniti 75 kwa mwezi basi jua kamera peke yake zinakula karibu nusu, unaweza ukatupwa tarifu ya juu ukaanza kumlaumu dada kwa pasi.

Sasa umeme ukikatika. Hizi UPS ndogo za kompyuta, viboksi vya kushikilia umeme ukikatika, ndani yake kuna betri ya 12V 7Ah, kwenye makaratasi ni 84Wh, ukitoa upotevu unapata saa moja, ikizeeka nusu saa. Mwizi wa Dar anajua mgao kuliko TANESCO wenyewe. Kama una inveta na betri ya 100Ah, hata ukitumia nusu yake tu isiharibike, unapata kama masaa kumi na mawili. Ni hela nyingine hiyo najua, lakini mimi ningepunguza kamera moja ninunue betri. Na swichi kubwa kama iko nje kwenye mita iwekee kiboksi na kufuli, hawa watu siku hizi wanaanza na swichi ndo wanaruka ukuta.

fundi_kebo:
Mzee umenikumbusha kitu, waya. Mkuu ukienda Kariakoo utauziwa waya wa RG59, ule wa picha ya kamera wenye nyaya za umeme pembeni, kwa bei tamu, ukwangue kwa wembe kabla hujalipa. Ukikuta ndani ni mweupe hiyo ni aluminiamu imepakwa kopa (shaba), sio kopa. Kwa mita kumi utapona, kwa ile kamera yako ya nyuma mita arobaini umeme wa 12V unafika umechoka. Mchana kamera inaonyesha vizuri, saa moja usiku inapowasha taa zake inazima, inawaka, inazima. Watu wanabadilisha kamera mara mbili tatu kumbe tatizo ni waya. Ukiona fundi kakimbilia kukuambia kamera mbovu muulize kwanza kapima volti kwenye ncha ya kule mwisho?

Kama mfuko unaruhusu, unaweza ukaenda za IP (zinazotuma picha kwa waya wa mtandao) na NVR ambayo ndo kirekodi chake, waya wa Cat6 mmoja unabeba picha na umeme pamoja mpaka mita 100, hilo tatizo linakwisha. Picha nzuri pia. Ila kwa milioni na nusu utabanwa, baki na DVR nzuri.

MamaPacha:
Habari kaka mkazi_madale, pole sana na poleni na mama. Nimesoma majibu yote ni ya kiume tupu, volti na pikseli, hakuna aliyegusa la sebuleni.

Nikuulize, mke wako umemuuliza? Maana sio dada tu anayeishi pale. Mkeo anakaa sebuleni na kanga, mama yako anakaa pale anasali, wifi zako wakija wanaongea yao, afu wewe uko Geita una simu mkononi unafungua muda wowote. Kaka yako ndo anakushauri lakini haishi mle ndani. Mimi mume wangu aliweka bila kuniambia, ilikuwa ugomvi sio mdogo, na hata sikuwa na cha kuficha.

Kwa dada, mimi siko kinyume na kamera kwenye sehemu mtoto anapochezea. Mtoto hasemi, na visa tumevisikia. Lakini mwambie siku ya kwanza, dada hapa kuna kamera, ipo hapa, inaangalia hapa. Ukimficha akiigundua, na ataigundua kwa sababu yeye ndo anayefuta vumbi, umeharibu uaminifu na mtoto ndo anabaki mikononi mwa mtu mwenye kinyongo. Chumbani kwake, bafuni, anapobadilishia nguo, hata usifikirie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo toka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo ni aibu tu.

Na za nje usimulike uani kwa jirani. Kwetu hapa ilibidi wenyeviti wa mtaa waingilie kati, jirani anaanika nguo zake anaona jicho linamtazama.

fundi_kebo:
Dada MamaPacha umesema kweli. Kwa hilo la jirani DVR nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha, unakiwekea kiboksi cheusi, hakionekani wala hakirekodiwi. Mwambie fundi akufanyie afu ukamuonyeshe jirani kwenye simu, mnamalizana hapohapo.

swichi_ya_tatu:
Niongeze la usalama wa mtandao maana hapa ndo tunaibiwa bila kuruka ukuta.

Moja, fundi akishafunga ataunganisha DVR na programu ya simu. Mafundi wengi wanaiunganisha kwenye akaunti YAO afu wewe wanakushirikisha tu. Maana yake yeye ndo mmiliki, anakuona, na siku mkigombana anakukata. Hakikisha akaunti inafunguliwa kwa namba au imeli yako, kwenye simu yako, fundi akiwa pale, afu mke unamshirikisha wewe. Kama kifaa kishasajiliwa kwa mwingine lazima huyo mwingine akiachie kwanza, kukitoa bila yeye ni usumbufu mkubwa.

Mbili, pasiwedi. Mwaka 2016 kuna kirusi kinaitwa Mirai kiliteka kamera na DVR nyingi sana duniani kwa kujaribu tu pasiwedi za kiwandani kama admin na 12345, zikatumika kuangusha Twitter na Netflix kwa masaa. Wenye hizo kamera hata hawakujua. Na usidhani chapa kubwa ndo salama yenyewe, 2021 Hikvision walitangaza kasoro ambayo mtu aliweza kuingia kwenye kamera bila pasiwedi kabisa, wakatoa programu ya kurekebisha, lakini inakusaidia kama umeiweka. Kwaiyo muombe fundi aangalie toleo jipya kabla hajaondoka.

Tatu bando. Ukiangalia kwa picha ndogo, ile ya 512 kbps, inakula kama MB 230 kwa saa, ukibonyeza HD ya 2 Mbps ni MB 900 kwa saa. Usipoangalia hakuna kinachotumika cha maana, vitaarifa tu. Mi ningeweka laini ya pili yenye ruta ndogo kwa ajili ya DVR peke yake, katuni zibaki kule kwao.

Bamburi_Boy:
Salamu kutoka Mombasa. Mie naongeza ya sisi watu wa pwani. Hapa chumvi hula kila kitu, kamera yenyewe yaweza kuwa IP67, yaani haipitishi vumbi wala maji, lakini zile viungo vya waya vimewachwa vyaning'inia nje na vimefungwa na seloteipu, miezi sita vishapata kutu. Kila kiungo kiingie ndani ya kiboksi na uzibe tundu kwa silikoni, na waya uufanye upinde kidogo chini kabla uingie ili maji yadondoke yasifuate waya ndani. Madale si karibu sana na bahari lakini mvua ni ile ile.

Jambo la pili buibui. Zile taa za infraredi zavuta wadudu, wadudu wavuta buibui, buibui atanda mbele ya lenzi, na kila upepo ukivuma simu yalia kuwa kuna mtu. Baada ya wiki unazima alamu, na hapo kamera yako imekuwa pambo. Kila mwezi mtu apitishe ufagio mrefu. Kama waweza pata zenye kutofautisha mtu na mnyama chukua, si kamili lakini zapunguza kelele.

mkazi_madale:
Wakuu nashukuruni sana, nimesoma yote nimemsomea na mama watoto kwenye simu. La sebuleni limekufa, amesema hataki na mama kasema akiiona ataifunika na kitambaa. Badala yake tumekubaliana moja varanda ya nyuma pale mtoto anaposhinda, na dada ataambiwa. Hivyo zinakuwa tano au nihamishe ile ya jikoni? Na za sola vipi maana binamu bado ananipigia. Na tera moja inatosha siku ngapi? Na lile la jipsamu fundi hujaligusa.

fundi_kebo:
Hamisha ya jikoni, isogee varandani igeuzwe kidogo, mlango, pampu na mtoto vyote vinaingia. DVR nunua ya njia nane hata kama unaanza na nne, tofauti ya bei si kubwa na utaongeza tu, kila mtu huwa anaongeza.

Za sola mwambie binamu ni nzuri kwa shamba au kiwanja kisicho na umeme. Nyingi ili kutunza betri zinalala, mtu akipita ndo zinaamka zinarekodi kipande, na mara nyingi unapata mgongo maana sekunde za mwanzo zimepotea zikiwa zinaamka. Kwako umeme upo, ukikatika una betri.

Tera moja, kamera nne za megapikseli 2 kwa H.265 (njia ya kubana video) kwenye 2 Mbps, kila moja inakula kama GB 21 na nusu kwa siku, zote 86, kwaiyo siku kumi na moja hivi. Wewe unakaa mbali, chukua tera mbili upate wiki tatu. Diski iwe ya kamera, WD Purple au SkyHawk, sio iliyotolewa kwenye kompyuta ya mtu.

Jipsamu haiguswi. Kamera zote ziko nje, waya unapita juu darini, fundi anaingilia lile tundu la kupandia na kutokea kwenye fishabodi, ile mbao ya ukingo wa paa, unatoboa mbao sio ukuta. Panapohitaji kutoboa jipsamu ni pale tu waya unaposhuka stoo kwenye DVR, na hapo tundu moja linafichwa na tranki, ule mfereji wa plastiki wa kufichia waya.

Kibuyu:
Na hela usimpe yote.

fundi_kebo:
Hapo Kibuyu kaongea. Bakiza ya kumalizia mpaka usiku. Giza likiingia mwambie shemeji amtume mtu asimame geti dogo, mwingine atembee kwenye mabati, wewe ukiwa Geita fungua kwenye simu. Sura ya kwanza uijue, wa pili umuone, ndo unatuma hela. Na angalia saa kwenye picha, DVR nyingi zinatoka kiwandani na saa za China, masaa matano mbele yetu, ukipeleka polisi video inayosema saa kumi na mbili asubuhi wakati umeibiwa saa saba usiku mtaanza kubishana hapo kaunta.

mkazi_madale:
Sawa mkuu. Nipo naye kwenye simu sasa hivi huyo fundi wa kwanza, nimemuuliza habari ya kukwangua waya naona kimya kidogo. Kama unafika Madale nicheki inbox.